Majani marefu ya tangini: niliyaua mara mbili, mara ya tatu mama akanizuia

SEHEMU YA 1

Juzi niliweka hapa picha ya tangi langu la samaki, basi inboksi imejaa. Wengine mnauliza bei ya samaki, lakini wengi mmeuliza swali moja: "Nesi, hayo majani marefu ni ya kweli au ya plastiki?"

Ni ya kweli. Na kwa kuwa nimeahidi kuyaeleza, nitayaeleza sehemu kwa sehemu kama kawaida yetu. Leo hatuongelei presha wala kisukari, tunaongelea majani. Ila presha itaingia huko mbele, mtanisamehe, ndo kazi yangu.

Tangi nilinunua miaka mitatu iliyopita kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba. Ni la kioo, urefu sentimita 80, upana 35, kwenda juu 50. Ukipiga hesabu unapata lita 140. Kitu ambacho wauzaji hawakwambii ni kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo hapo una kilo 140 kabla hujaweka mchanga. Stuli ya sebuleni haibebi huo mzigo. Mimi nilijengewa kameza ka tofali ukutani, na mwenye nyumba mpaka leo ananiangalia vibaya.

Kwa nini tangi? Wenye zamu za usiku mtanielewa. Unatoka wodini asubuhi mwili umechoka, lakini kichwa bado kinasikia mgonjwa wa kitanda cha nane anaita. Unajilaza, usingizi hauji. Mwenzangu mmoja kazini akaniambia, "We kaa uangalie samaki nusu saa kabla ya kulala." Nikaona isiwe tabu, nikajaribu.

Nikaweka gapi kumi, hawa wadogo wenye mikia ya rangi. Lakini tangi la mchanga mtupu ni kama wodi isiyo na mapazia. Kila mmoja anamwona mwenzake saa zote, na yule dhaifu anafukuzwa kutwa nzima, hana pa kujificha. Nikarudi kwa muuzaji, akanipa miche sita imefungwa kwenye gazeti lililolowa. Akasema, "Hii ni valisneria, dada. Inapanda mpaka juu ya maji, ikifika juu inalala kama nywele."

Nikaenda kuisoma. Jina lake lilinichekesha, maana limetokana na daktari. Antonio Vallisneri alikuwa tabibu wa Italia, alizaliwa 1661 akafariki 1730, na alifundisha utabibu kwenye chuo kikuu cha Padua. Linnaeus alipoandika kitabu chake cha mimea mwaka 1753, jina hilo likaingia humo. Nikasema moyoni, basi tumekutana, wewe daktari na mimi nesi, tutaelewana.

Hatukuelewana. Niliichimbia mashimo, nikaifukia mpaka shingo, nikashindilia mchanga kwa vidole kama napanda mgomba. Siku ya tatu majani yakaanza kuangaza, unaona mpaka upande wa pili. Siku ya tano yakawa utelezi mtupu, na tangi likaanza kunuka. Nikaing'oa yote nikatupa.

Itaendelea kesho nikitoka zamu.

SEHEMU YA 2

Tuendelee. Nimeona mmeandika "pole". Msinipe pole bado, leo ndo mtanicheka.

Nilirudi dukani nikanunua miche mingine sita. Safari hii nikasema nitaisaidia. Kuna kichupa kinauzwa, watu wanakiita kaboni ya maji. Maelezo ni kwamba mimea inahitaji kaboni ili ikue, na dawa hii inaipa, tena inaua na ukungu wa kijani kwenye kioo. Nikaweka vifuniko viwili vya chupa kila asubuhi, kwa moyo mweupe kabisa.

Ndani ya wiki moja hakuna kilichobaki. Mara ya kwanza nilikuwa nimebakiwa na mizizi, safari hii hata mizizi iligeuka kahawia na kulainika.

Nikakichukua kile kichupa, nikakaa chini, nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Kisha nikasoma zaidi. Kumbe kiungo chake ni ndugu wa karibu wa glutaraldehaidi.

Manesi wenzangu hapo mmeshashika midomo. Kwa wasiojua, glutaraldehaidi ni dawa tunayoloweka vifaa visivyovumilia moto, kama ile mipira yenye kamera ya kuangalia ndani ya tumbo. Inaua bakteria, virusi na fangasi, ukiiacha muda mrefu inaua hata mbegu za bakteria. Unaishika ukiwa na glavu, kwenye chumba chenye hewa. Ni kweli mimea mingi ya tangini inaivumilia ikiwa kidogo sana. Valisneria ni mmoja wa ile inayoyeyuka.

Kilichoniuma si hela. Chuoni tulifundishwa kusoma lebo ya dawa mara tatu: unapoichukua kabatini, unapoipima, na kabla hujairudisha. Nimewasimamia wanafunzi, nimewagombeza kwa hilo. Nyumbani kwangu nikamimina dawa ya kuulia vijidudu kwa siku saba bila kusoma lebo hata mara moja, kwa sababu muuzaji alisema ni nzuri na mimi nilikuwa na haraka ya kuona kitu kinapona.

Kwa hiyo ukitaka kuilea hii mimea, andika hili la kwanza: hakuna dawa ya chupa inayodai kuwa kaboni. Wala haiihitaji. Mimea mingi ya majini inategemea hewa ya kaboni iliyoyeyuka kwenye maji. Valisneria ina uwezo wa kuchukua kaboni pia kutoka kwenye bikaboneti, yale madini yanayofanya maji yawe magumu. Wale mnaotumia maji ya kisima ambayo maharage hayaivi na birika linaota utando mweupe ndani, hayo maji mnayoyalaani ndiyo inayoyapenda.

Kesho nitawaambia mtu aliyenifundisha. Hakuwa mtaalamu wa samaki.

SEHEMU YA 3

Mama yangu anaishi kando ya Ziwa Tanganyika, kusini kidogo ya mji wa Kigoma. Mwaka ule, mwezi wa kwanza, alipata kiharusi. Uhai alinusurika nao, maneno yakarudi baada ya siku chache, lakini mkono wa kushoto ukabaki mlegevu na mguu ukawa mzito.

Sisi watoto tukafanya kikao kwa simu. Tuko wanne, mmoja Mwanza, mmoja Tabora, mmoja Kigoma, na mimi Dar. Kikao kikaisha haraka: mama aje kwangu, kwa sababu mimi ndo nesi. Kila mtu alisema lake. Mama hakuwa kwenye simu hiyo.

Alifika mwezi wa tatu. Nikampokea kama nampokea mgonjwa wodini. Presha nilimpima mara nne kwa siku. Chumvi nikaondoa, godoro nikabadilisha, usiku nikawa naamka kumulika kama anapumua. Dawa zote kwa saa. Na kila wiki iliyopita mama akawa anapungua. Aliyefika anaongea akawa anajibu "ndiyo" na "hapana". Chakula anakigusa tu. Nikabadilisha chakula. Nikambadilishia chumba, labda kile kina joto. Nikamrudisha kliniki, vipimo vikatoka vizuri. Daktari akasema, "Sista, mama yako yuko sawa." Mimi nikaona hayuko sawa.

Katikati ya hayo nikaleta miche ya tatu. Nilishasema hii ikifa nauza tangi.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, mimi naifungua ile miche kwenye beseni. Akainama, akaangalia muda mrefu. Akasema, "Haya umeyatoa wapi? Haya si ya kwetu?"

Nikadhani amechanganyikiwa. Kumbe mimi ndo sikujua. Valisneria inaota yenyewe kusini mwa Ulaya, Asia na Afrika, na ziwani kwetu Tanganyika ipo. Ziwa lile lina kina cha mita 1,470 sehemu yake ya chini kabisa, ila majani haya yanakaa pale pwani penye mchanga, ambako mwanga unafika. Mama akaanza kueleza. Walipokuwa watoto waliogelea mpaka yanapoanzia, yakawagusa miguuni, wakakimbia wakipiga kelele kwamba ziwa limewashika. Akasema vifaranga vya samaki vinajificha humo. Ukitaka kujua kama ghuba ina samaki, unaangalia kama majani bado yapo.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akiongea sentensi tano mfululizo tangu afike. Halafu akaniuliza, "Konokono umewaangalia?"

Jamani. Mimi nesi naulizwa swali hilo na mama yangu. Hili lisikilizeni vizuri. Mdudu wa kichocho anapitia ndani ya konokono wa maji baridi kabla hajamwingia binadamu, na konokono hao hukaa kwenye mimea ya majini. Hatoki kwa konokono yeyote, lazima awe wa aina yake na awe ameshaambukizwa. Lakini mmea uliochotwa ziwani, mtoni au bwawani unaweza kuja naye, na vijidudu vinavyotoka kwake vinapenya ngozi ukitumbukiza mkono tu. Kwa hiyo:

Usichote mimea ziwani kwa ajili ya tangi, nunua iliyooteshwa tangini. Hata hiyo, ioshe jani kwa jani, geuza upande wa chini, tafuta mayai ya konokono, yanaonekana kama tone la ute wenye punje ndani. Ukikuta, kata jani hilo utupe. Na kama uliwahi kuoga ziwani au mtoni na una damu kwenye mkojo au choo, nenda kapime. Dawa yake ipo, inaitwa prazikwanteli.

Tukaiosha pamoja. Mama alishika mche kwa mkono wa kulia, mimi nikasugua. Kisha nikaizoesha maji ya tangi polepole kwa mpira wa dripu, matone machache machache kwenye beseni kwa saa nzima. Na kabla hamjaniuliza: mpira sikuutoa wodini, nilinunua duka la dawa kwa hela yangu.

Siku ya nne majani yakaanza tena kuangaza. Siku ya tano utelezi. Nikakunja mkono wa shati, nikaingiza mkono tangini nianze kung'oa.

Mama akasema kwa sauti, "Acha!"

Nikasimama mkono umo ndani ya maji.

"Umeshika kitako chake? Kigumu au kimelainika?"

Nikashika pale majani yanapokutana na mizizi. Kilikuwa kigumu.

"Basi hayajafa. Yamehama tu. Ziwa likichafuka linayang'oa, linakwenda kuyatupa kwingine. Yale majani ya zamani yanaoza yote. Ukipita unasema yamekwisha. Rudi mwezi ujao uone."

Nikaitoa mkono. Sehemu ya nne kesho, Mungu akipenda.

SEHEMU YA 4

Leo ni ya vitendo, chukueni kalamu.

Alichosema mama ndicho nilichokuja kukisoma baadaye. Jani la mmea wa majini limejengwa kwa maji lilimokulia: madini yake, joto lake, mwanga wake. Ukiuhamisha mmea, mara nyingi unayaacha majani ya zamani yafe na kujenga mapya yanayofaa maji mapya. Kwa valisneria hilo ni jambo la kawaida kabisa. Uhai wake uko kwenye shingo, pale majani yanapoanzia, na kwenye mizizi. Shingo ngumu na mizizi myeupe, subiri. Shingo ikiwa laini, kahawia na inanuka, hapo kweli umekwisha, utoe usichafue maji.

Ile miche ya kwanza niliyoitupa, nina hakika ilikuwa hai.

Nikaikata yale majani yaliyooza ili yasichafue maji, nikaacha vishina. Nikamwambia mama, "Sasa tunafanyaje?" Akasema, "Hatufanyi kitu. Tunaangalia." Nikampa daftari la shule. Mimi wodini naandika joto, mapigo, presha. Yeye akawa anaandika kwa mkono wa kulia: mche wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Siku ya kumi na moja nimetoka zamu ya usiku nakuta ameandika: wa tatu, jani moja. Nikapiga magoti mbele ya kioo. Lilikuwa jembamba kama njiti ya kiberiti, kijani kibichi.

Haya, namna ya kuilea:

Kupanda. Mizizi iingie mchangani, shingo ibaki nje. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo, ukifukia shingo inaoza. Njia rahisi ni kuizamisha kidogo halafu unaivuta juu taratibu mpaka uone ule weupe wa kitako. Mchanga uwe wa sentimita tano au sita.

Maji. Yenye madini, pH kuanzia 7 kwenda juu. Ziwa Tanganyika lenyewe linakaribia 9, kwa hiyo usiogope maji magumu. Maji ya bomba yenye klorini ya kawaida yaweke kwenye ndoo wazi saa 24 kabla ya kuyatumia, funika kwa chandarua mbu wasitage. Badilisha robo ya maji kila wiki, usibadilishe yote kwa mara moja. Maji yote yakibadilika ghafla ni sawa na kuihamisha upya.

Joto. Nyuzi 22 mpaka 28 inaishi vizuri. Huku Dar hita huhitaji, shida yetu ni joto kuzidi. Miezi ya joto kali mimi nafungua kifuniko na kuweka feni ndogo juu ya maji.

Mwanga. Taa ya LED saa saba au nane kwa siku inatosha. Tangi usiliweke dirishani penye jua, maji yatageuka kijani kama supu ya mchicha.

Chakula. Kinyesi cha samaki kinachozama mchangani kinaipa sehemu kubwa ya mahitaji. Majani mapya yakitoka ya njano wakati ya zamani ni ya kijani, mara nyingi imekosa madini ya chuma, kuna vidonge vya kuchomeka mchangani karibu na mizizi. Someni lebo!

Kupunguza. Zipo aina zinazofika mita moja na kupita. Tangi langu lina nusu mita ya kina, kwa hiyo zinalala juu ya maji. Hizo nywele ni nzuri, vifaranga vya gapi vinajificha humo wasiliwe na wakubwa. Ila zikifunika juu kote, chini kunakuwa giza. Usikate jani katikati, ncha inageuka kahawia. Shika jani la nje lililozeeka, likate chini kabisa karibu na shingo.

Kuzaa. Ikishatulia inatoa kamba juu ya mchanga, kama viazi vitamu. Mwisho wa kamba unatokea mche mtoto. Usikate kamba mapema, mtoto bado analishwa na mama yake. Subiri awe na mizizi yake na majani manne au matano. Miche sita ikawa ishirini na kitu ndani ya miezi sita.

Maua. Hili wengi hawalijui. Mmea wa kiume na wa kike ni tofauti. Wa kiume unaachia viua vidogo sana vinavyopanda na kuelea juu ya maji. Wa kike unapandisha ua lake juu kwa kikonyo kirefu, viua vya kiume vinaelea mpaka vinamfikia. Likishapata mbegu, kikonyo kinajisokota na kulivuta tunda chini ya maji. Ya kwangu yote ni ya kike, kwa sababu yote yametoka kwenye kamba. Inatoa maua, mbegu haipati.

Na wale majirani wanaosema tangi linaleta mbu: gapi wanakula viluwiluwi. Mbu wangu wanatoka kwenye mtaro wa nje.

Mama alisimamia yote haya. Kukata majani ikawa kazi yake, mkasi mkono wa kulia, na ule wa kushoto akiulazimisha kushika jani. Mwanzoni lilikuwa linamponyoka. Mtaalamu wa mazoezi alikuwa amenipa mpira laini wa kuminya, mama aliuacha kabatini. Jani la ziwani alilikamata mpaka vidole vikakubali. Nami nikapunguza kumpima, asubuhi na jioni basi, na usiku nikamwacha alale. Akaanza kudai ugali na dagaa, na kulalamika kwamba dagaa wa hapa hawana ladha.

SEHEMU YA 5 (ya mwisho)

Mwezi wa tisa mama akasema anataka kurudi nyumbani.

Nikakataa. Nikampa sababu zote za kinesi. Nani atakupima presha? Dawa zikiisha? Ukianguka usiku? Tumehangaika miezi sita umeanza kutembea, halafu unataka tuanze upya?

Hakubishana. Alisubiri nimalize, akasema, "Mlinihamisha bila kuniuliza. Sikuwalaumu, nilikuwa nimelala kitandani na mlikuwa mnaogopa. Lakini sasa niulizeni."

Nikaenda zamu ya usiku nimenuna. Wodi yangu ni ya magonjwa ya ndani, wagonjwa wa kiharusi ninao karibu kila wiki. Usiku ule kulikuwa na mzee mmoja, watoto wake jioni walikuwa wamesimama pande mbili za kitanda wakibishana aende kwa nani. Mzee anaangalia dari. Mara ngapi nimeona hilo nikaendelea kuandika faili? Nikasogea nikamwuliza, "Baba, wewe unataka kwenda wapi?" Alichukua muda, maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida. Alinijibu.

Asubuhi nikafika nyumbani, mama yuko mbele ya tangi na daftari lake. Nikakaa chini nikamwuliza kama nilivyomwuliza yule mzee.

Tukapanga. Dawa za miezi miwili mkononi, na zahanati ya karibu tukaipigia simu kuhakikisha zinapatikana. Mashine ya presha ya kufunga mkononi nilinunua. Mtoto wa dada yangu anayeishi naye nikamfundisha kupima na kuandika: mama akae dakika tano kwanza, miguu chini, mkono kwenye meza, asiongee. Na mambo matatu nikayaandika kwa kalamu nene yakabandikwa ukutani, nanyi yaandikeni: uso ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea ghafla, maneno yakikorogeka, hospitali muda huo huo. Hata kama limepita lenyewe baada ya dakika kumi. Usisubiri asubuhi.

Hapa nieleweke. Sisemi kwamba kila kitu kikiharibika tukiache tuangalie. Mgonjwa wa kiharusi ukimsubirisha unampoteza. Ninachosema ni kwamba kuna vitu vya kukimbilia na kuna vitu vya kusubiri, na unatakiwa ujue unashika wapi ili utofautishe. Kwa mche nilikuwa naangalia majani wakati jibu liko kwenye shingo. Kwa mama nilikuwa naangalia namba. Namba zake zilikuwa nzuri muda wote.

Mwezi wa kumi na moja kaka yangu alikuja kumchukua. Siku ya safari nilimfungia miche mitatu kwenye gazeti lililolowa, basi tu, mkono mtupu haulambwi. Akacheka mpaka akakaa. "Mwanangu, unanipa nyasi za ziwani nipeleke ziwani?" Akaikataa. Na alikuwa na haki kwa sababu nyingine: mimea na samaki wa tangini havitupwi ziwani, mtoni wala mtaroni, hata kama asili yake ni huko. Hujui vimebeba nini. Ukizidiwa na miche, mpe mtu au kausha juani.

Sasa ni miaka miwili na zaidi. Siwadanganyi kwamba yote yamekwenda vizuri. Mwezi wa pili baada ya kurudi presha ilipanda, ikabidi dawa iongezwe. Mkono wa kushoto haujarudi wote. Kuna jioni anapiga simu sauti imechoka nami nalala vibaya. Lakini anakaa kwenye baraza lake, anagombana na wauza dagaa, na anajua mwenyewe siku ya kliniki.

Daftari aliliacha. Naendelea nalo. Jana nimehesabu miche thelathini na moja, imejaa nyuma yote ya tangi, na imefika wakati wa kuipunguza.

Kwa hiyo wale mlioomba miche, ipo, ya bure. Njooni na chupa yenye maji ya kwenu. Sharti ni moja tu. Siku ya tano majani yakioza, usinipigie kulia na usiutupe. Ingiza mkono, shika shingo, uniambie kama ni ngumu.

Nipo zamu ya usiku wiki hii, nitawajibu asubuhi. Usiku mwema.